Chumba cha Mjane Nyuma ya Meko

Sehemu ya Tisa

Juma lililopita tulimwacha Orpha Wadleigh mlangoni pa chumba chake mwenyewe, mkono mmoja umeshika mkongojo, mwingine umeshika kamba nene ya katani iliyokingama mlango huo kutoka upande hadi upande. Alikuwa ametoka hospitali na nyonga iliyoungwa kwa chuma, bila kumwarifu mtu. Ndipo sauti ya mwanamke ilipomgutusha kwa nyuma.

"Hapo hapapitwi, mama. Wageni hutazama wakiwa hapa nje."

Orpha akageuka polepole, maana nyonga haikumruhusu kugeuka vinginevyo.

Aliyesema alikuwa Verna Stiles. Verna yule yule aliyekaa naye benchi moja la kanisa tangu wote wawili wana meno ya utotoni. Leo alivaa gauni la kijivu linaloburura sakafuni, aproni nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia ya kitambaa yenye marinda iliyofungwa chini ya kidevu. Hakumtambua rafiki yake kwa mgongo, kwa jinsi hospitali ilivyomkausha.

"Orpha," akasema, na uso ukamshuka. "Si walisema utarudi wiki ijayo?"

"Nimerudi leo. Na wewe umefiwa na nani hata ukajifunga sanda kichwani?"

Verna akaishika kofia yake kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake, akaanza kueleza haraka haraka. Jumamosi ndiyo siku ya kufungua nyumba. Taifa linatimiza miaka mia mbili, Stokely nzima imeshikwa na homa ya mambo ya kale, hata kituo cha mafuta kimetundika taa za mishumaa. Jumuiya ya Nyumba za Kale imeichagua nyumba ya Wadleigh iwe ya kwanza katika matembezi ya wageni, na yeye Verna ndiye atakayewaongoza. Alikuwa anajifunza maneno yake.

"Na chumba changu?"

Verna akatazama viatu vyake.

Orpha akatazama mwenyewe. Kitanda chake cha springi hakipo. Kabati, redio, kiti cha kuegemea, picha ya marehemu mumewe Asa akiwa na fahali wake wa maonyesho, vyote vimeondoka. Zulia la mpira lenye maua mekundu limeng'olewa, zimebaki mbao za msonobari zenye nyufa za kuingiza kidole. Dari ya plasta imevunjwa ili boriti zionekane, na boriti zenyewe zimepakwa rangi ya kahawa ili zionekane za kale kuliko zilivyo. Kuna kitanda cha kamba chenye godoro la majani. Kuna kitanda cha mtoto cha kubembea ambacho hakuna mtoto wa Wadleigh aliyewahi kukilalia. Na pembeni limekaa gurudumu la kusokotea nyuzi, limefungwa utepe kama zawadi ya Krismasi.

Bibi yake Orpha alikuwa na gurudumu kama lile. Siku aliyonunua kitambaa cha kwanza dukani alilitupa darini, akalipiga teke kabisa. Na dari ya nyumba yake ilipopigwa plasta alilia kwa furaha kwamba sasa buibui hawataanguka tena kwenye supu.

Lakini macho ya Orpha hayakukaa kwenye gurudumu. Yalikwenda kwenye kasha, chini ya dirisha.

Kasha lile lilikuwa la buluu. Asa alilipaka rangi mwaka waliooana. Miaka mingi baadaye, katika kiangazi kimoja kibaya, binti yao Luella alilala kwenye chumba hiki akiwa na miaka sita, polio imemshika miguu. Ndicho chumba kilichokuwa na joto la bomba la meko, na katika nyumba zote za Stokely ndimo wanamozalia na ndimo wanamofia. Mtoto alichukua kibanio cha nywele, akachora ng'ombe kwenye rangi ya kasha, upande uliotazama kitanda. Ng'ombe alikuwa na miguu mitano. Orpha alimuuliza wa tano ni wa nini. Luella akasema ni wa akiba, mmoja ukiugua.

Mwaka ule walimzika kabla majani ya miti hayajageuka rangi.

Sasa kasha lilikuwa jeupe kama mfupa uliogugunwa. Rangi yote imeng'olewa. Mbao zimesuguliwa na kupakwa nta, na mbele ya palipokuwa na ng'ombe pamewekwa kinara cha bati.

"Nani amefanya hili?" Orpha akauliza.

"Mimi, Mama."

Mkwe wake alikuwa ameshuka ngazi bila kusikika. Corinne, mke wa Merrill, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mikono imeliwa na dawa ya kuondolea rangi. Uso wake ulijaa furaha na woga kwa pamoja, kama mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nilitaka liwe tayari kabla hujarudi," akasema. "Mbao zilikuwa zimezibwa na rangi miaka yote hiyo. Sasa zinapumua. Umelipenda?"

Orpha aliipitisha nyonga yake chini ya kamba, taratibu, huku Verna akigeuzia uso ukutani asione mateso yale, akaenda akakaa juu ya godoro la majani. Majani yakalia chini yake.

"Nitalala hapa," akasema. "Kama kawaida."

"Mama, hicho si cha kulalia. Ni cha maonyesho."

"Basi nitaonyesha kulala."

Merrill alirudi jioni hiyo kutoka ofisi yake ya bima huko Hartford, akamkuta mama yake jikoni. Jikoni nako hakukuwa na jiko la chuma. Meko makubwa ya mawe yalikuwa yamezibuliwa, yakatundikwa vyungu vyeusi ambavyo hakuna aliyekusudia kuvipikia. Corinne alikuwa amepasha makopo ya supu kwenye jiko dogo la umeme lililofichwa nyuma ya pazia.

Mwana alimbusu mama shavuni, akauliza habari za nyonga, kisha akaanza kuongea huku akikata mkate vipande vidogo vidogo asivyovila. Alisema ngazi za kwenda juu Mama hataziweza. Alisema chumba cha chini kimeahidiwa wageni hadi mwisho wa kiangazi. Alisema kuna nyumba nzuri ya wazee huko Torrington, ina bustani, ina wauguzi, chakula chake kina sifa, na amekwisha ongea nao.

"Kwa kiangazi tu, Mama."

Hapo inafaa msomaji akumbuke alichoacha Asa Wadleigh. Nyumba alimwachia mwanawe. Lakini jikoni na kile chumba cha nyuma ya meko alimwachia mjane wake, yeye peke yake, kwa muda wote atakaolala humo. Akihamia kwingine kwa hiari yake, haki hiyo imekwisha. Ndivyo wanaume wa Stokely walivyowaachia wake zao tangu kabla taifa halijawa taifa, na hakuna mtu mjini asiyejua nyumba ya Wadleigh imegawanywa hivyo. Merrill alijua. Corinne alijua. Hospitali si kuhama, mtu hajipeleki hospitali kwa hiari. Torrington ni kuhama.

"Kwa kiangazi tu," Orpha akarudia.

"Ndiyo."

"Wewe mtoto, nilikunyonyesha mwaka na nusu. Uongo wako naujua kwa harufu."

Merrill akaweka kisu chini. Hakukasirika, na hilo lilimtisha mama yake zaidi.

Aliyewaokoa kutoka kwenye kimya kile alikuwa Corinne, na aliwaokoa kwa jambo baya kuliko kimya. Alisema Jumuiya imekuwa ikitafuta bibi wa kukaa karibu na gurudumu siku ya wageni. Amevalia kizamani, anasokota, anasimulia. Nyumba nyingine zote zinatumia sanamu za nguo. Kama Mama angekubali kukaa pale mchana, basi chumba kingekuwa kinatumika, na usiku angelala humo humo, wala hakuna atakayedai kwamba yuko njiani.

Alisema kwa nia njema. Orpha aliona hivyo, na ndiyo maana alizidi kumchukia.

"Yaani mnanipangisha chumba changu kwa kunivisha kofia."

"Ni siku moja moja tu, Mama."

Merrill alitazama dirishani. Alisema kama Mama hapendi, gari lipo.

Orpha akasema atavaa kofia.

Siku zilizofuata alifundishwa maneno. Katika chumba kile, kwa mujibu wa maneno hayo, mwanamke aitwaye Patience Wadleigh alijifungua mtoto wa kiume huku askari wa mfalme wakipita barabarani, akang'ata kitambaa asisikike. Orpha alimwambia Corinne kwamba wakati wa vita vile vya uhuru akina Wadleigh walikuwa bado Rhode Island wakikaanga samaki, na nyumba ilikuwa ya watu wengine kabisa. Corinne akaona haya, lakini akasema wageni hawaji kusikia hayo. Wageni wanataka kuguswa moyo.

"Na wewe unataka nini?" Orpha akamuuliza.

Mkwe wake alikuwa amepiga magoti, anasugua nta kwenye sakafu. Akasita.

"Kwetu tulihama kila mwaka," akasema. "Baba alikuwa anafuata kazi. Sikuwahi kukaa kwenye nyumba ambayo mtu mwingine wa kwetu aliwahi kukaa. Nilipoingia hapa mara ya kwanza nilitamani kuona yote yaliyokuwamo, hadi chini kabisa."

Akaendelea kusugua. Orpha alimtazama shingo, ule mfupa uliotokeza juu ya kola, akatamani kusema jambo. Akakumbuka kasha.

Usiku majani yalimchoma mbavuni, na vumbi la dari lilimdondokea usoni.

Jumamosi walikuja. Walikuja na makobazi na kamera, na mafuta ya jua puani, wakapangana kutoka barabarani hadi kwenye kizingiti. Merrill alikuwa uwanjani akiwaelekeza pa kuegesha magari, amevaa suruali fupi ya kufunga magotini na soksi nyeupe, anacheka na kila mtu. Corinne alipita na sinia za keki ya tangawizi. Verna aliongoza.

Orpha alikaa karibu na gurudumu. Lilikuwa la kusokotea kitani, na Corinne alilivika sufu. Alilizungusha hivyo hivyo.

Wageni walisimama nyuma ya kamba, wakamjadili.

"Tazama mikono yake," mwanamke mmoja akamwambia mwenzake. "Wamempataje mtu mwenye mikono kama hiyo?"

Mwanamume mwenye kofia ya jua alimnong'oneza mkewe akiuliza kama yule ni wa nta.

"Bado," Orpha akamjibu. "Subiri kidogo."

Walicheka wote, wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

Alisimulia ya Patience. Alisimulia tena. Kundi lilitoka, kundi likaingia, na Patience akajifungua upya kila mara, na kila mara alikuwa mtoto wa kiume na kila mara aliishi. Orpha alisikia sauti yake mwenyewe ikianza kunogewa na uongo ule. Mara ya mwisho alimwongezea mtoto nywele.

Kisha mwanamke mnene mwenye mkufu wa ushanga akanyoosha kidole upande wa dirisha. Akasema kasha lile ndilo kitu kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba. Mbao zake safi. Utadhani halijawahi kuguswa na mtu.

Gurudumu likasimama.

"Limeguswa," Orpha akasema.

Verna, ambaye alikuwa amekwisha kuwageuza watu waelekee bustanini, akasimama pia.

Orpha hakuinua sauti. Aliwaambia kwamba hakuna Patience. Aliwaambia aliyezaliwa humu ni Luella, siku ya mvua, mkunga akiwa amelewa kidogo. Aliwaambia kwamba kasha lilikuwa la buluu. Kwamba sakafu ilikuwa na zulia la mpira kwa sababu daktari alisema paoshwe kwa dawa asubuhi na jioni, na nyufa za mbao haziosheki, ndipo Asa akalitandika kwa magoti yake huku mtoto akimpigia makofi kitandani. Akawaambia habari za ng'ombe. Akawahesabia miguu yote, na wa akiba.

"Alilala hapo kando ya mlipoweka mshumaa," akasema. "Mnaloliona safi ni yeye amefutwa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenye kofia ya jua aliivua. Mwanamke wa ushanga alitafuta leso ndani ya mkoba, akapata tiketi, akaishika tu.

Kishindo kikasikika nyuma yao. Corinne alikuwa ameiachia sinia.

Verna akafanya jambo la maana kuliko yote aliyofanya mwaka ule. Aliwasukuma wageni wote nje, kuelekea kwenye mitishamba, akawafungia mlango na kuanza kuwaeleza habari za mnanaa kwa sauti ya juu.

Corinne alivuka kamba. Alipiga magoti mbele ya kasha, akapitisha viganja juu ya mbao kama kipofu.

"Niliuona mchoro," akasema. "Kabla ya kulipeleka. Niliona mikwaruzo, nikaona kama mnyama. Nikamuuliza Merrill. Nikamwambia hiki kitu kimechorwa na mtu, tukiache. Akasema ni upuuzi wa kibarua wa shamba. Akasema rangi ing'olewe. Mimi nilikataa, Mama. Yeye ndiye aliyelipakia kwenye gari akalipeleka kwenye pipa la dawa ya kuondolea rangi. Mimi nilisugua tu lililorudi."

Orpha alihisi kitu kikihama kifuani mwake, kama samani nzito inayosogezwa. Siku zote zile alikuwa amemchukia mtu asiyehusika.

"Niitie mwanangu," akasema.

Merrill aliingia na suruali yake fupi na kofia ya pembe tatu mkononi, bado tabasamu la wageni limemganda usoni. Aliona sinia, aliona mkewe sakafuni. Tabasamu likatoka.

"Ulijua," mama yake akasema.

Angeweza kukana. Corinne alikuwa akimtazama kana kwamba anamwomba akane. Merrill alivuta pumzi, akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda cha mtoto, kikambembeza kidogo bila yeye kutaka.

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na miaka minane, Mama. Miaka minane, nikaambiwa nisikimbie ndani ya nyumba. Nisicheke mezani. Nisipige filimbi. Luella amelala, Luella anaumwa, Luella amekufa, Luella angekuwa darasa la ngapi. Kila usiku ulikaa humu ukimtazama ng'ombe yule, na mimi nilikaa kwenye ngazi nikikusubiri uje unifunike." Aliongea kama mtu anayesoma masharti ya bima, bila kupanda wala kushuka. "Uliwahi kuja?"

"Ungeniambia," Orpha akasema.

"Ungesikia?"

Nje Verna alikuwa amefika kwenye habari za rosemari. Orpha alitafuta jibu, na kila alilolishika lilikuwa la mtu mwingine, la mama mwema wa kwenye hadithi. Ukweli ni kwamba hakukumbuka mtoto yeyote kwenye ngazi.

"Basi umemuua mara ya pili," akasema, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi.

Merrill akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata alichokitarajia. Akainuka.

"Gari lipo tayari. Nimewaambia Torrington tutafika kabla ya chakula cha jioni. Fungasha."

"Siendi."

"Mama, umewaaibisha watu wote waliolipa kuja hapa. Umeiaibisha Jumuiya."

"Mnapenda mambo ya kale," Orpha akasema. "Mmebomoa dari kuyatafuta. Haya, hili ndilo la kale kuliko yote humu ndani, na hamkulinunua dukani. Mjane na chumba chake. Baba yako alinipa hapa na jikoni hadi nitakapotolewa miguu mbele. Siendi."

Corinne alisimama katikati yao, mikono yake ina nta. Alimwambia mumewe jambo kwa sauti ya chini sana. Alimwambia amemfanya yeye kuwa mkono wake. Merrill akamjibu kwamba yeye ndiye aliyetaka nyumba ionekane ya zamani, sasa alalamikie nini. Corinne akapanda ngazi.

Wageni waliondoka. Nyumba nyingine ziliwasubiri, na kwingine kulikuwa na sanamu za nguo ambazo hazisemi. Verna alikuja kufungua kamba mlangoni, akaikunja, akamuuliza Orpha kama anataka akae naye. Orpha akamwambia aende nyumbani akapike maharage yake ya Jumamosi kabla mume wake hajaanza kuyapika mwenyewe. Verna akambusu juu ya kofia, akaenda.

Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya tumbaku Orpha aliposikia nyundo.

Ilitoka ukumbini, upande wa pili wa mlango pekee wa kutoka jikoni na chumbani mwake kwenda nyumba iliyobaki. Pigo, kisha pigo. Mlango ukatetemeka. Aliinuka, akaufikia kwa mkongojo, akausukuma. Haukuenda.

"Merrill."

Nyundo ikanyamaza.

"Baba alikupa vyumba viwili," sauti ya mwanawe ikasema kupitia mbao. Ilikuwa karibu sana, kama kwamba ameegemeza paji la uso wake hapo. "Nimekwenda kuuliza kwa wakili. Alikupa vyumba viwili, Mama. Ukumbi hakukupa. Njia ya kupita hakuitaja."

Choo kilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Simu ilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Bomba la jikoni Corinne alilitoa, kwa kuwa watu wa kale hawakuwa nalo, akaweka ndoo ya mbao. Kilichobaki ni mlango wa nyuma, ngazi za mawe zisizo na pa kushika, na kisima cha uani ambacho Asa alikifunika kwa zege.

Orpha alirudi chumbani kwake. Alivua kofia. Alikaa kwenye majani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakuwa na mtu wa kukasirikia aliye mbele yake. Alijaribu kumwona mvulana wa miaka minane kwenye ngazi. Alipata viatu tu, na hata hivyo hakuwa na hakika kama ni vya Merrill au ni vya baba yake akiwa mdogo, kwenye picha.

Misumari iliendelea. Kisha ikaisha.

Halafu mlango wa nyuma ukabishwa. Taratibu, kwa vidole.

"Mama," sauti ikasema. "Ni mimi, Corinne. Nina sanduku langu. Kule juu sirudi tena, na funguo za gari Merrill amezichukua. Nimeleta maji. Nimeleta na chombo cha kwenda haja. Naomba unifungulie."

Orpha alifika kwenye komeo na kuliwekea mkono, ndipo dirisha la juu likafunguliwa kwa nguvu juu ya uani, na sauti ya Merrill ikashuka, tulivu kama ile ya mezani.

"Fikiri kwanza, Mama. Baba alisema mjane, na si mwingine yeyote pamoja naye. Akivuka kizingiti hicho usiku huu akalala, umevunja wosia mwenyewe, kwa mkono wako. Jumatatu nitakutoa, na hakuna hakimu wa Connecticut atakayenizuia."

Ilikuwa kweli. Asa aliweka maneno hayo kumzuia dada wa Orpha, ambaye yeye Asa hakumpenda.

Ng'ambo ya mlango Orpha alisikia maji yakichezacheza ndani ya ndoo ya Corinne. Alifikiria ile mikono iliyosugua mbao hadi zikawa nyeupe, ikitafuta watu wa kwao chini yake.

"Godoro ni la majani," akasema kupitia mlango. "Linachoma."

"Najua, Mama. Nililijaza mwenyewe."

Orpha akalivuta komeo.

Juu, dirisha likafungwa. Kisha hatua za Merrill zikaanza kushuka ngazi, bila haraka, na nyundo aliyokuwa hajaiweka chini ikawa inagonga nguzo za ngazi moja baada ya nyingine.